Mume wa Kwanza wa Bhadumani

Ninachoandika hapa hamtakiamini, na sitamlaumu mtu. Hata mimi, niliyeona mambo mengi kuliko wilaya nzima ukiijumlisha na mkuu wake, ningesimuliwa na mwingine ningemwambia akaoge maji baridi. Shemeji yangu Bhadumani, mke wa marehemu kaka yangu Nakul (mjane sisemi, na mtaona kwa nini), alikuwa na mume mwingine hai muda wote ule. Na mume huyo alinyanyuliwa na winchi mchana kweupe, mbele ya polisi, akalazwa kwenye lori na kuletwa kuishi kwa mkewe.

Mume mwenyewe ni mti.

Ndiyo, mti. Mmahua, ule wa maua yanayonukia utamu mpaka dubu wanatoka msituni kuyala na kurudi wakipepesuka. Kwetu sisi Wakudmi wa India, binti hapelekwi kwa mwanamume kabla hajaolewa na mmahua. Huuzunguka, hufungwa uzi mmoja na shina, hulipaka unga mwekundu, hulikumbatia akalia kidogo, na hapo ndipo bwana harusi wa miguu miwili anaporuhusiwa kusogea, naye akiwa ametoka kuoa mwembe wa kwao. Harusi ikiisha, sote tunausahau mti. Mimi mwembe wangu niliukata mwenyewe nikachonga mlango, na marehemu mke wangu aliufungua na kuufunga maisha yake yote bila wivu.

Bhadumani hakuusahau wake. Kwao ni Pilkhunda, ng'ambo tu ya mto, na kila msimu wa maua alivuka na kikapu kwenda kuokota chini ya mti ule ule. Akiokota, anaongea nao. Akirudi, anamchokoza Nakul.

"Wa kwanza hakoromi."

"Hamia kwake basi," Nakul anasema, kitunguu kibichi mdomoni.

"Wa kwanza hali kitunguu akaja kunipumulia shingoni."

"Na akupikie pia! Mwambie leo natamani wali na samaki."

Ndivyo walivyoishi, na walipendana, msione midomo hiyo. Halafu Nakul akashikwa na homa wakati wa kupanda mpunga, na kabla mpunga haujashika udongo tulikuwa tumeshauchoma mwili wake, ndivyo tunavyozika. Wanawake wakampeleka Bhadumani bwawani, kama inavyopasa, waoshe unga mwekundu wa ndoa kwenye utosi wake na kumvua bangili ya chuma aliyovishwa siku ya harusi. Bangili ile hutupwa majini. Bibi Sarubala, mkubwa wa wanawake wote wa kijiji, alikuwa keshamshika mkono.

"Bibi, ngoja kwanza," Bhadumani akasema. "Mnaivua kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mumeo, mwanangu. Mumeo hayupo tena."

"Yupi?"

Wanawake wakatazamana.

"Nakul alikuwa wa pili," akasema, machozi yanamtiririka. "Wa kwanza yupo kwa kaka yangu, mzima wa afya, msimu huu kanidondoshea vikapu na vikapu. Mtamfanyaje maiti mtu anayechanua?"

Wengine walidhani msiba umempanda kichwani. Bibi Sarubala alianza kwa kufoka, akaishia kusimama ndani ya maji akitafuta kanuni ya kumjibu. "Tangu nizaliwe sijaulizwa swali hili," akasema, akauachia mkono. Bangili ikabaki. Wazee walipokaa baadaye na kusema basi aolewe na mdogo wa marehemu, yaani mimi, niliyekuwa nimefiwa na mke na bado ni mwanamume ambaye wanawake walikuwa wakimwaga maji kisimani wakimtazama, nilipaka mafuta kichwani nikaenda.

"Shemeji," akaniambia bila hata kunikaribisha kiti, "mimi ni mke wa mtu."

Nikarudi na mafuta yangu.

Msidhani ni mzaha tu. Mwanamke mwenye bangili ile ndiye anayesaga manjano ya harusi, ndiye anayetangulia na chungu cha maji, ndiye anayemfunga bibi harusi uzi. Asiye nayo husimama nyuma, huko kwenye zizi, akisikiliza nyimbo. Na Bhadumani ana binti mmoja tu, Menoka. Alitaka jambo moja duniani, kumfunga Menoka uzi kwa mikono yake mwenyewe. Sikuwahi kumsikia akitaka jingine.

Mtambo wa umeme ulikuja kwetu kama vigingi. Tuliamka tukakuta vigingi vyekundu mashambani. Baada ya vigingi wakaja watu wa miwani, baada yao mkutano wa viti vya plastiki, baada ya mkutano polisi. Kijiji chetu, Kendbona, kilitangulia. Pale nilipozaliwa sasa pana tanuri la kuchomea makaa ya mawe lenye ukubwa wa kilima, na bomba la moshi refu kiasi kwamba tai wakilipanda hupumzika katikati ya safari. Sisi tukapelekwa makazi mapya, juu ya mwinuko wa kifusi, nyumba za zege zimejipanga kama meno ya bandia. Hakuna kivuli. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu zikinguruma, zinapeleka umeme mijini. Balbu zetu sisi huwaka zikijisikia.

Bhadumani aliyavumilia hayo yote, maana Pilkhunda ilikuwa bado ipo. Njia ilikuwa ndefu zaidi, lakini msimu wa maua alikwenda na kurudi.

Lakini makaa yakishaungua, majivu lazima yakalale mahali. Yakapangiwa Pilkhunda. Wangezungushia ukuta wa udongo na kuyamwaga humo yakiwa tope, bonde zima.

Kaka yake, Paresh, alikuja kumwambia. Alikataa kukaa. Alikataa hata chai.

"Dada, shamba limekwenda lote."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Shemeji yako."

Paresh akatazama vidole vya miguu yake. "Wamempaka rangi nyeupe, dada. Wameandika namba."

"Namba ya kuachwa au ya kukatwa?"

"Dada yangu, hivi kuna namba ya kuachwa?"

Bhadumani alikwenda ofisini, na mimi nilimsindikiza, kwa kuwa nina elimu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la tano nililiona kwa dirisha. Ofisa wa ardhi alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo hawalifanyi kila siku.

"Mama, mti ni wa kaka yako, na kaka yako keshapokea fidia yake."

"Kapokea ya kuni. Mimi sidai kuni."

"Unadai nini sasa?"

"Sidai kitu, mwanangu. Naomba mume wangu asikatwe."

Karani mmoja alicheka chai ikamtokea puani. Ofisa hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, uzi, bangili, Menoka, yote, kisha akafuta pua yake akasema, "Mama, hapa kwenye orodha kuna mti wa matunda, mti wa mbao na mti wa kuni. Mume hayumo."

"Mwongeze."

"Sina mamlaka."

"Nani anayo?"

"Wakubwa wa jimbo, walioko Ranchi."

"Na wakikataa wa Ranchi?"

"Wao nao wanangoja Delhi." Akanyoosha kidole juu, sijui alikuwa anaonyesha nini. Sote tukatazama juu. Kulikuwa na pangaboi lililosimama.

Tulikuwa tunatoka pale mtu alipotukimbilia nyuma. Alikuwa Injinia Parthiban, mtu wa kusini, mweusi kama mimi ila hana uzuri wangu, aliyekuwa akisimamia kazi za udongo. Alikuwa amesikia yote mlangoni.

"Mama," akasema, "tunaweza kumhamisha."

"Nani?"

"Mumeo. Kampuni imetakiwa iokoe baadhi ya miti, ing'olewe na mizizi yake ipandwe kwingine. Nitamtia kwenye hesabu hiyo. Nitamleta mlangoni kwako."

Bhadumani akamsogelea. "Atapona?"

"Tukingoja mvua, ana nafasi nzuri."

Hawakungoja mvua. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama mtambo, na waliotaka kuwaonyesha miti iliyookolewa hawakuwa watu wa kungoja mawingu. Parthiban alibishana nao, najua, kwa sababu sauti yake ilitoka nje ya kontena lake la ofisi mpaka kwenye kibanda cha sambusa. Jua lilikuwa lile la kukausha mate mdomoni. Wakachimba kulizunguka shina, wakaikata mizizi ya mbali, wakafunga iliyobaki kwa magunia. Halafu wakapanda na misumeno wakakata matawi yote, moja baada ya jingine, likabaki gogo lenye vishikio.

"Mnamfanyia nini?" Bhadumani alipiga kelele.

"Tunampunguzia mzigo, mama," Parthiban akajibu. "Mizizi imekuwa michache, haiwezi kulisha majani yote."

"Mmemnyoa! Kwetu mtu hunyolewa kichwa akifiwa. Nani kafa?"

Injinia akaenda kuhimiza kamba.

Winchi iliponyanyua mti, udongo ulidondoka kutoka kwenye magunia kama mvua kavu, na kwenye shina, chini ya rangi nyeupe ya namba, niliuona mfereji mdogo mahali uzi wa harusi ulipozamia gandani zamani. Huo nauapia, sijaongeza chumvi. Bhadumani alitaka kupanda lorini akae na mumewe. Polisi mmoja akamzuia. Bhadumani akasema mwanamke ndiye anayesindikizwa kwa mume, na kama leo mume ndiye anayekwenda kwa mke basi angalau mke amshike mkono. Polisi akakuna kichwa chini ya kofia yake, akampisha.

Njia nzima watu walitoka kutazama. Mwanamume anayehamia nyumbani kwa mke kwetu huchekwa mpaka kaburini, kwa hiyo mnaweza kufikiri.

"Bwana harusi kahamia ukweni!" mafundi wa baiskeli walipiga kelele.

"Kaja na nini? Hata sanduku hana!" mwanamke mmoja akadakia.

"Mchungeni, huyo atakula wali wote!"

Na Bhadumani, juu ya lori, kashika kisiki cha tawi, alikuwa anawajibu. "Afadhali wangu kahamia kwa gari! Wako wewe alihamia kwa miguu, tena usiku, kamkimbia mwenye duka!" Alicheka siku ile. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka meno yote nje.

Wakamsimamisha mbele ya nyumba, kwenye shimo lililochimbwa katika kifusi, vipande vya matofali na mawe. Wageni wakapigwa picha naye. Parthiban akaacha pipa la maji na maagizo. Maji asubuhi, maji jioni, na kitu kingine chochote kisiguse mizizi.

Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna watu wengine chini ya jua ambao wangekosea hivyo. Mgeni akija kwako unampa maji, sawa. Lakini bwana harusi, tena aliyehamia, mnyonge, kanyolewa, hana ndugu hapa, utampa maji tu? Bibi Sarubala alitangulia na kibuyu cha pombe ya mchele, akammiminia miguuni, akamwambia karibu baba, jisikie upo kwenu. Nyumba ya pili ikaona haya kuachwa nyuma. Nyumba ya tatu ikaleta chungu. Baadaye kila mwenye pombe mpya alipita kwanza kwa bwana harusi huyo. Wakampaka na manjano na mafuta ya haradali, shina zima, kama anavyopakwa bwana harusi yeyote mwenye watu wake.

"Mama, mnamlewesha," Menoka alisema. Binti huyu anafanya kazi zahanati na husema mambo moja kwa moja. "Injinia kasema maji."

"Nimewaambia," Bhadumani akajibu.

"Na?"

"Wameniuliza, huyu ni mume wako au mche wa bilinganya?"

Angewafukuzaje? Kukataa pombe yao ilikuwa sawa na kusema huyu si mume, ni mti tu, na akishasema hivyo bangili ingekuwa ya nani? Akawaacha. Akawa anaamka mapema kumwaga maji mengi ya kuosha, ndoo baada ya ndoo kutoka kwenye tangi la makazi, maji yanapita kwenye kifusi na kupotea chini kama yanamiminwa kwenye kichujio.

Gamba likaanza kuachia shina. Parthiban alikuja, akachuna kidogo kwa ukucha kutafuta kijani chini yake. Akachuna hapa, akachuna pale, akashuka mpaka karibu na udongo, akanusa vidole vyake. Vilinuka pombe na manjano.

"Bado kidogo, mama," akasema, akiwa anatazama nyaya za umeme.

"Bado kidogo afe au bado kidogo apone?"

"Tumpe muda."

Hakugomba na mtu. Alivua kofia yake akaketi kivulini, yaani kwenye kivuli cha gogo, chembamba kiasi cha kutosha bega moja. Muda si muda alikuja tena, safari hii na begi.

"Mama, nimehamishwa. Kuna mtambo mwingine unaanza, mbali."

Bhadumani alimtazama kuanzia kiatu mpaka nywele. "Na wewe wamekuletea winchi?"

Akacheka yule mtu wa kusini, halafu hakuweza kuendelea kucheka, akamgusa miguu kama mtoto anavyomgusa mama yake, akaondoka. Aliyekuja baada yake hakujua kwamba mti ule ni wa mtu. Alitaka kufungia taa.

Posa ya Menoka ikakubaliwa, harusi ikapangwa baada ya mvua. Watoto wa makazi wakaanza kucheka kwamba Menoka hana mmahua wa kuolewa nao ila ule wa mama yake, atakuwa mke mwenza wa mama! Wakaahidi kumtafutia mwingine msituni. Lakini Bibi Sarubala alikuja na jambo lake mwenyewe. Aliketi mbele ya gogo, kaligeuzia mgongo, akasema kwa upole, na upole wa kikongwe yule unatisha kuliko ukali wake.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuachia mkono siku ile. Sikuwa na jibu. Sasa nina macho."

"Miti hulala, bibi."

"Hulala. Mvua huiamsha. Tungoje mvua. Asipoamka, wewe mwenyewe utanyoosha mkono uvuliwe, sitakushika."

"Na Menoka?"

"Atafungwa uzi na mwenye bangili. Tutafanyaje, mama? Si mimi niliyeweka desturi hii." Na akalia, bibi kizee yule, kwa sababu yeye naye aliachwa nyuma kwenye zizi harusi za binti zake zote.

Mvua zikaja. Zilinyesha mpaka ukuta wa bwawa la majivu Pilkhunda ukawa unavuja maji ya kijivu, na kila kilichokuwa na mzizi kilitoa jani. Nguzo za uzio zilizokatwa kwa matawi mabichi zilichipua. Fagio la nyumba ya Paresh nusura lichipue. Bhadumani alitoka kila asubuhi na kipande cha plastiki kichwani, akalizunguka gogo akilipapasa, akarudi ndani kupika. Mara nyingine nilimwona anaizungusha ile bangili mkononi. Mkono umenenepa tangu usichana, bangili haitoki tena kwa sabuni, itabidi fundi wa uzio aje na mkasi wake wa chuma.

Leo ndiyo siku waliyosema wanawake kwamba watakuja kuivua. Nawaandikia haya barazani kwake, nikijisomea kwa sauti kila sentensi kama nilivyozoea, naye ameketi karibu anachambua dengu kwenye ungo, kichwa kainamisha, mtu angedhani hanisikii. Kule chini kwenye tangi nawaona wanawake wanaanza kukusanyika, Bibi Sarubala katikati na mwavuli wake mweusi. Basi kabla hawajafika naandika upesi kilichonifanya niwaambie mapema kwamba hamtaamini. Jana mvua ilipokatika nilipita nyuma ya gogo, upande ule ambao watu hawapiti, na macho yangu haya, ambayo hayajawahi kuvaa miwani, yakaona chipukizi. Jekundu! Limetoka palepale kwenye mfereji wa uzi wa harusi, nene kama dole gumba, na kwenye ncha yake majani yameshakunjuka, makubwa kama viganja, yanameremeta, na nyuki wameshaanza ku...

"Shemeji."

"Subiri, nimefika patamu."

"Makubwa kama nini?"

"Kama viganja. Vya mtoto, basi. Na lile chipukizi..."

"Nyuki wanafuata maua. Huko kuna maua?"

"Nyuki nitawafuta. Lakini jani..."

Ameweka ungo chini. Amesimama, dengu zinamdondoka mapajani. "Mimi niko hapa, na yeye yuko hapo. Nyanyuka unionyeshe, nikawaambie wale wasubiri."

"Nakuonyesha, kwani naogopa? Njoo upande huu. Inama kidogo. Si hapo, hapo ni gamba tu, sogea chini, karibu na ule mfereji, ndiyo, sasa tazama vizuri kwenye kile kijidoa, hakionekani sana kwa sababu ya mwanga, lakini ukikitazama kwa upande utaona kwamba ni kama kina..."